Sikio Linalia, Nani Kalipiga?

Yapo makosa ya wanafunzi ambayo mwalimu huyasahihisha kwa kalamu nyekundu akayasahau, na yapo mengine ambayo humrudia usiku akiwa kitandani. Nataka kuwasimulia kosa moja la aina hii ya pili, ambalo mpaka leo sina yakini kama kweli lilikuwa kosa.

Jioni moja ya mwaka 2023 nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu watatu barazani kwangu, hapa Lubumbashi. Wote ni watu wazima wenye shughuli zao, nao huja mara mbili kwa juma kujifunza Kiswahili cha kusoma na kuandika, maana kile cha sokoni wamekwisha kukiokota wenyewe. Mmoja wao ni mama wa makamo mwenye duka la vigae vya sakafu, mzaliwa wa Hong Kong, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kikantoni. Katikati ya somo nilinyamaza kidogo, nikalibonyeza sikio langu la kushoto kwa kidole kama ilivyo desturi yangu. Akaniuliza, "Mama Mwalimu, una nini?" Nikamjibu pasipo kufikiri, "Sikio langu linalia." Basi juma lililotangulia nilikuwa nimewafundisha kitenzi hicho kwa mfano wa mtoto aliyechapwa. Yule mama alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Linalia? Nani kalipiga?"

Tulicheka sote, naye akacheka baada ya kuelezwa kwamba katika Kiswahili kengele hulia, jogoo hulia, ngoma hulia, na mtoto hulia vilevile, wala hatuoni ajabu. Lakini walipoondoka nilibaki na swali lake. Miaka mingi nimesema masikio yangu yanalia, kama wasemavyo watu wote, na sikuwahi kusikia kilio ndani ya neno hilo mpaka mgeni aliponisikilizisha.

Siku ya somo lililofuata alinieleza jinsi wao wasemavyo. Huita "yi ming". Neno la kwanza ni sikio. La pili ni mlio, lakini si mlio wa mtoto wala wa kengele kwa asili yake, bali ni wa ndege. Na herufi yake ya Kichina huandikwa kinywa ubavuni mwa ndege. Alinichorea ubaoni, nami nikaona kweli mdomo mdogo wa mraba na ndege mwenye miguu. Watu wa kwao, alisema, wakitaka kumweleza daktari sauti waisikiayo, mara nyingi hutaja mlio wa nyenje wa kiangazi. Baba yake mzee anaye nyenje huyo sikioni kwa miaka zaidi ya 20. Alifanya kazi kiwandani, kwenye mitambo ya kufuma nguo, zama zile Hong Kong ilipokuwa ikivisha nusu ya dunia. 

Sauti hii isiyo na chanzo cha nje si uchawi, wala si wazimu. Ndani kabisa ya sikio mna vijinywele vidogo vinavyoipokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kelele kubwa za muda mrefu huviharibu, uzee huvipunguza, na zipo dawa zinazoamsha mvumo, kama vile kwinini, ambayo sisi wa nchi za malaria tunaijua vyema. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ubongo, ukikosa habari uliyozoea kuipata kutoka sikioni, huongeza nguvu ya usikivu wake mpaka ukasikia kitu ambacho hakipo. Kwangu mimi kitu hicho ni jenereta. Kwa miaka mitano nilifundisha katika chumba ambacho nyuma ya ukuta wake palikuwa na jenereta, nayo ilinguruma kila umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku. Jioni moja ya mwaka 2019 mlinzi aliizima kama kawaida, akafunga lango, akaenda zake. Mimi nikaendelea kuisikia. Nilitoka nje kumtafuta nimwambie kwamba ameisahau.

Mwaka 2021 nilikwenda hospitali moja ya mjini kumwona daktari wa masikio. Kabla ya kuingia kwake, muuguzi alileta karatasi yenye maswali 25 kwa Kifaransa. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hojaji ile ilitungwa Marekani na Newman, Jacobson na Spitzer, wakaitoa mwaka 1996, na kwamba imekwisha kupita katika lugha nyingi za dunia. Kila swali lina majibu matatu: ndiyo hupewa alama 4, mara nyingine hupewa 2, na hapana haipewi kitu. Jumla ya juu kabisa ni 100. Mwaka 2001 wataalamu wa Uingereza walipendekeza madaraja matano: hadi alama 16 ni kidogo mno, 18 hadi 36 ni hafifu, 38 hadi 56 ni wastani, 58 hadi 76 ni kali, na kutoka 78 kwenda juu ni balaa.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini pasitumiwe mashine? Mashine zipo. Daktari aweza kumsikilizisha mgonjwa sauti mbalimbali mpaka apate ile inayolingana na yake, na mara nyingi huonekana kwamba sauti inayomtoa mtu machozi ni desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Yupo mwenye mvumo mdogo asiyelala, na yupo mwenye mvumo mkubwa anayelala fofofo. Hivyo udhia haupimwi kwa mashine. Hupimwa kwa maneno, na hapo ndipo kazi inapotufikia sisi walimu wa lugha.

Sasa niirudie siku ile ya hospitali, maana ina aibu yangu ndani yake. Miwani yangu niliiacha nyumbani. Muuguzi, kijana mpole, akasema, "Si kitu, Mama, nitakusomea." Akawa anasoma kimoyomoyo kwa Kifaransa, kisha ananiuliza kwa Kiswahili cha mji wetu, kile cha "batoto" na "bintu". Swali moja katika karatasi huuliza kama mgonjwa anaona kwamba hawezi kuikwepa sauti yake. Yeye akaniuliza, "Mama, hauwezi kukimbia ile sauti?" Nikatikisa kichwa nikasema, "Hapana." Nilikusudia kusema, hapana, siwezi, hata nikienda msituni itanifuata. Nikaiona kalamu yake ikitia alama kwenye safu ya hapana. Nilipoteza alama nne, au tuseme mateso yangu yalipoteza ushahidi wa alama nne, kwa tikiso la kichwa. Swali jingine huuliza kama mtu analalamika sana. "Unalalamikaka sana?" Nikasema, "Nimlalamikie nani?" Akacheka, akaandika hapana. Kuhusu hasira nilisema sina, kwa sababu hasira, kwa nilivyolelewa, lazima iwe na mtu wa kukasirikiwa. Jumla ikawa alama 22. Hafifu. Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Akanitia moyo, akanirudisha nyumbani, nami nikaendelea kulala redio ikiwa wazi hadi alfajiri.

Na niseme wazi kwamba sikumlaumu kijana yule, wala simlaumu leo. Alifanya kwa dakika moja, kwa wema, kazi ambayo inastahili miezi. Aibu ni yangu: mimi, mwenye stashahada ya ualimu, niliyeiona kalamu ikienda mahali pasipo pake, nilinyamaza kwa haya.

Nilipomsimulia yule mwanafunzi wangu mkasa huu, aliniambia kwamba baba yake aliulizwa maswali hayohayo huko Hong Kong, naye alikuwa ameketi kando yake. Tofauti ni kwamba karatasi ya baba yake ilikuwa katika lugha yao, nayo ilikuwa imejaribiwa kabla ya kutumiwa. Mwaka 2009 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuithibitisha hojaji hii kwa wasemaji wa Kikantoni, wakahitimisha kwamba inafaa kutumika. Alimwomba ndugu yake, naye akaipiga picha nakala ya karatasi ile na kuituma kwa simu. Ndipo tukaanza mchezo ambao ulituchukua jioni nyingi kuliko tulivyodhani.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Yeye alisoma swali la Kichina moyoni, akaniambia kwa Kiswahili chake maana aliyoipata. Mimi niliandika. Kisha tulifungua karatasi ya Kifaransa tukalinganisha. Bila kujua tulikuwa tukifanya kile wataalamu wanachokiita tafsiri ya kurudisha, ambayo Brislin aliifafanua katika makala yake ya mwaka 1970: mtu mmoja hupeleka maneno ng'ambo, mwingine asiyeliona tanga la kwanza huyarudisha, na mizigo hulinganishwa bandarini. Maswali ya usingizi, ya uchovu, ya kusoma, ya kazi za nyumbani yalirudi salama, na sina la kuyasemea.

Maswali ya moyo ndiyo yaliyotuchelewesha. Karatasi ya asili ina msururu wa maneno ya hisia yaliyo jirani mno: kukasirika, kukereka upesi, kukata tamaa, kuhuzunika, kuwa na wasiwasi, kujihisi hana usalama, na lile neno la Kiingereza linalomaanisha hali ya mtu anayejitahidi akazuiwa tena na tena, ambalo Kiswahili huhitaji sentensi nzima kulieleza. Nilimwuliza, "Dada, tuiache karatasi. Baba mwenyewe, akiamka usiku na nyenje wake, husema neno gani?" Hakusita. Husema "fan". Akaweka mkono kifuani, kisha akaupandisha kichwani. Herufi yake, alisema, ni moto ukiwa kando ya kichwa. Nilimpa kukereka, nikampa kuudhika, nikampa kusononeka, nikampa kuchafukwa na moyo. Aliyaonja moja moja kama mnunuzi wa maembe. Kusononeka alikukataa kwa kuwa kuna unyonge, ilhali baba yake si mnyonge. Hatimaye alichagua udhia. Akataka kujua udhia na hasira vinatofautianaje, nami nikamweleza kwamba hasira ina mtu mbele yake, udhia hauna. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kama ni hivyo baba yake hana hasira hata chembe, na udhia wake unajaza nyumba.

Hapo nilikumbuka jibu langu mwenyewe kwa muuguzi.

Lugha ya Kikantoni ina jambo jingine ambalo walimu wa Kiswahili wa nchi zetu watalielewa kuliko watu wengi. Mtoto wa Hong Kong husema lugha moja na kuandika nyingine. Maandishi anayofundishwa shuleni yamejengwa juu ya Kichina cha kaskazini, naye huyasoma kwa matamshi ya kwao. Maneno kadhaa ya kila siku hayamo. Akikanusha mdomoni hutumia "m", lakini kitabuni kuna herufi nyingine isomwayo "bat". Akimtaja mtu wa tatu husema "keui", kitabuni ni "ta". Hivyo mtu anayetafsiri hojaji kwa wasemaji wa Kikantoni ana uamuzi wa kufanya kabla ya neno la kwanza: aandike kama watu wasomavyo, au kama watu wasemavyo? Akiandika kitabu, mzee asiyeona herufi ndogo atasomewa na mtu atakayekigeuza kitabu kuwa mdomo palepale, kila mmoja kwa namna yake. Akiandika mdomo, wapo watakaoona karatasi ya hospitali imekosa heshima. Sisi tuliorithi Kiswahili sanifu, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 juu ya msingi wa Kiunguja, na tunaokifundisha katika miji ambako watoto husema "bintu", tunaijua njia panda hiyo kwa miguu yetu wenyewe. Kijana wa hospitali alisimama papo hapo.

Kuhusu ndiyo na hapana, yule mama alinifumbua macho. Kikantoni hakina neno moja la ndiyo wala la hapana lifaalo kila mahali. Mtu huulizwa kwa kuwekewa kitenzi na kikanusho chake pamoja, "fan m fan", kana kwamba tungesema, waudhika huudhiki? Naye hujibu kwa kukirudia kitenzi: naudhika, au siudhiki. Ama akiulizwa swali la kukanusha, jibu la kukubali hulikubali neno lenyewe lilivyo. Huwezi kuikwepa? Ndivyo. Yaani siwezi. Wazee wa Kiswahili nao hujibu vivyo hivyo: "Ndiyo, siwezi." Ila sisi tuliopita shule za Kifaransa tumezoea kutikisa kichwa na kusema hapana, halafu siwezi ikafuata, au isifuate ikiwa kalamu ya mwenzetu ina haraka. Kwa hiyo katika rasimu yetu ya Kiswahili tuliandika, "Waweza kuikwepa sauti hii, au huwezi?" Tulifurahi sana kwa muda wa robo saa, mpaka tulipotambua kwamba safu tatu za majibu, ndiyo, mara nyingine, na hapana, hazina tena mahali pa kukaa.

Hata tafsiri iliyorudi salama haijawa halali. Nadhani tafsiri ya kurudisha humkamata mwizi wa maana, lakini haimkamati mwizi wa uzito. Mpe mtu "sikio linalia" alipeleke Kichina, mwingine alirudishe. Litarudi "sikio linalia", na yule mtoto aliyechapwa atakuwa ameachwa njiani bila mtu kumwona. Ndiyo maana wataalamu huwaendea wagonjwa wenyewe kwa makumi. Kwanza hutazama kama maswali yanashikamana. Kipimo chao kwa hili huitwa alfa, na kilielezwa na Cronbach mwaka 1951. Mwalimu hahitaji hesabu kubwa kukifahamu: ukitunga maswali 25 juu ya ngeli, mwanafunzi anayezijua ngeli atafanya vyema katika mengi, na asiyezijua atakwama katika mengi, likitokea swali moja ambalo wajuzi wanalikosa na wajinga wanalipata, basi swali hilo linapima kitu kingine, huenda linapima bahati. Pili, huwauliza tena baadhi ya wagonjwa baada ya siku kadhaa ambapo hali haijabadilika, waone kama majibu yanasimama. Tatu, huwapa hojaji nyingine zinazojulikana, kama za wasiwasi na za huzuni, watazame kama anayeteseka katika moja anateseka katika nyingine.

Nimeisoma mara kadhaa maelezo ya mambo haya, na heshima yangu kwa kazi hiyo imezidi kila mara. Lakini nina shaka moja ya kimwalimu. Alfa kubwa huonyesha kwamba maswali yanakubaliana, haionyeshi kwamba yanakubaliana juu ya kile ulichodhani. Watungaji wa asili waliyagawa maswali yao katika mafungu matatu: ya shughuli, ya hisia, na ya kukata tamaa kabisa. Mwaka 2003 Baguley na Andersson waliyachambua upya hata kwa Kiingereza chenyewe, wakaona kwamba mafungu hayo hayaonekani; kuna kitu kimoja tu, udhia wa jumla. Kama nyumba ya asili haina vyumba vitatu, haifai kumdai mtafsiri kwa nini ya kwake ina chumba kimoja.

Na yapo majibu ambayo hakuna hesabu itakayoyafasiri pasipo mtu kuketi na mgonjwa. Baba wa mwanafunzi wangu aliulizwa kama anadhani ana ugonjwa mbaya sana. Alijibu hapana kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Katika uganga wa kale wa Kichina sikio ni mlango wa figo, na figo za mzee zikipungukiwa nguvu, sikio hupiga kelele. Huo ni uzee, si ugonjwa. Hata hivyo kila usiku humchemshia mkewe kazi ya kutengeneza dawa ya mizizi. Aliulizwa pia kama sauti ile inamharibia starehe ya kutoka na wenzake. Karatasi ya asili hutoa mfano wa kwenda kula nje au kutazama sinema. Alijibu hapana, tena kwa furaha. Binti yake alishangaa, maana anajua kwamba mzee hasikii wenzake wanasema nini wakiwa nyumba ya chai. Akamwuliza baadaye. Mzee akasema nyumba ya chai ina kelele nyingi kiasi kwamba nyenje hasikiki, basi yeye huenda kila asubuhi kumpumzikia huko; kama hasikii maneno ya wenzake, si hasara, ameyasikia kwa miaka 40. Jibu lake ni hapana ya kweli kabisa. Lakini je, ni hapana ileile aliyoitaja mtunzi wa swali? Sijui mzee huyu angewekwa katika fungu gani, na nashuku kwamba angecheka akiambiwa.

Tulipoikamilisha rasimu ya Kiswahili, mwanafunzi wangu alinisomea, na safari hii nilijibu bila haya. Tuliyarudisha majibu katika safu tatu kwa ubishi kidogo. Jumla ikawa 46. Wastani.

Nilikwenda na karatasi hiyo kwa daktari yuleyule mwanzoni mwa mwaka 2024, nikiwa nimevaa miwani. Nilimweleza habari ya tikiso la kichwa, ya hasira na udhia, ya watu wa Hong Kong. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa hoja ya hesabu: mwaka 1998 watungaji wenyewe walisema kwamba badiliko la alama 20 au zaidi ndilo linaloweza kuaminiwa kuwa si yumbo la kipimo tu, na kwangu tofauti ilikuwa 24. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo namshukuru. Kisha akasema, "Mama Mwalimu, hesabu hiyo ni ya mizani moja iliyopimwa mara mbili. Hizi ni mizani mbili, na hii yako haijapigwa muhuri na mtu yeyote. Umeitunga wewe, ukaijibu wewe, ukaijumlisha wewe."

Iliniuma, nami sikupata la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Ningekuwa na mwanafunzi aliyejitungia mtihani, akaufanya, akajisahihishia, ningemwambia hivyohivyo. Katika jalada langu 22 imebaki mahali pake. Karatasi ya 46 imebanwa nyuma yake kwa pini, nayo imeandikwa kwa kalamu ya risasi, "tafsiri ya mgonjwa." Hata hivyo aliniandikia kipimo cha usikivu, ambacho mwaka 2021 sikupewa, ikaonekana kwamba sauti nyembamba zimepungua katika sikio la kushoto. Alinishauri niache redio yenye maneno, niweke sauti ndogo isiyo na habari, kama ya mvua, na akanipa siku ya kurudi. Nalala vizuri zaidi, ingawa sipendi kuandika neno hilo kwa sauti kubwa.

Rasimu yetu iko mezani pangu. Haifai kutumiwa hospitalini, nami nimewakatalia wawili waliotaka kuinakili. Swali la kulalamika bado limetushinda: kila tulivyoliandika, watu watano niliowajaribia walijibu hapana, na wanne kati yao walikuwa wamenilalamikia nusu saa kabla.

Juma lililopita mwanafunzi wangu alimpigia simu baba yake akiwa barazani kwangu, akamweleza kwamba mwalimu wake naye ana sikio linalolia. Mzee aliuliza kama ni nyenje. Nikamwambia binti amjibu kwamba hapana, ni jenereta, iko mbali, ng'ambo ya bonde. Nilisikia sauti ya mzee ikipanda na kushuka kwa muda mrefu. Binti akacheka, akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza," akasema, "mafuta anatia nani?"